Kupe wa Betri

Mtaani kwetu Phrae, kaskazini mwa Thailand, kumzika mzee ni rahisi kuliko kumwambia amekosea. Mazishi yana utaratibu wake: watawa wanne wa kusoma sala, viti vya kukodi, tambi za mchuzi wa nam ngiao kwa wageni siku tatu, kisha moto. Kumkosoa mzee hakuna utaratibu wowote. Ndiyo maana wazee wetu hufa wakiwa hawajawahi kukosea hata mara moja, na Mjomba Intha alikuwa njiani kufa hivyo hivyo, kama isingekuwa betri ya gari langu.

Duka lake limepakana na langu. Mimi nashona mashati ya rangi ya nili, yale ambayo kila mtumishi wa serikali wa huku huyavaa siku ya Ijumaa na kulalamika kwamba yanachuja. Yeye anauza betri za magari. Kati yetu kuna ukuta mmoja wa mbao wenye nyufa, kwa hiyo kwa miaka kumi na tisa nimesikia kila anachomwambia mteja, na yeye amesikia kila tusi ninaloitukana cherehani yangu.

Ujanani alikuwa fundi umeme wa mabasi ya kwenda Bangkok. Alipoacha mabasi akarudi nyumbani, akafungua duka, akapaka ubao kwa rangi nyekundu: KWA INTHA GARI HALIRUDI. Maana yake ni kwamba kazi ya Mjomba hufanywa mara moja ikaisha. Ni mtu mfupi, masikio makubwa, na masikio hayo ndiyo mtaji wake. Betri ikiletwa haipimi kwa mita kwanza. Anaigonga kwa kifundo cha kidole, anainama, anasikiliza. Kisha anatoa hukumu: huyu ana miezi miwili, huyu anadanganya, huyu kesho hafiki. Mita huja baadaye, kwa adabu tu, na sijawahi kumwona mteja akiitazama mita mbele yake.

Na kabla ya kufungua boneti ya gari lolote, hata la polisi, Mjomba huunganisha viganja kifuani na kumwomba ruhusa Bibi wa gari, yule asiyeonekana ambaye kila chombo cha safari kina wake. Madereva wengi humvisha Bibi shada la maua kwenye kioo na kumsahau. Mjomba humwamkia kama mama mkwe.

Mama yangu alipougua, ni Mjomba Intha aliyekuwa akitupeleka hospitali kila Jumanne kwa pikapu yake chakavu. Miezi kumi na minane. Sikuwahi kumsikia akiuliza mafuta nani atajaza. Mama alipofariki, ni Mjomba aliyebeba viti, na kwenye moto alilia kuliko mimi. Mtu wa namna hiyo unamwambiaje kwamba kuna kitu hakijui? Nilimpenda na bado nampenda. Nayasema haya mapema ili mbele ya safari msinione mwanamke wa roho mbaya. Mimi ni mwanamke wa roho nzuri, na ndiyo iliyoleta balaa lote.

Ilikuwa Aprili, wiki moja kabla ya sikukuu ya kumwagiana maji, jua linachemsha lami. Nina gari dogo jeupe, nililinunua kwa nesi mmoja wa Lampang, nalo ni la kisasa kuliko mwenyewe. Lina tabia ya kujizima likisimama kwenye taa za barabarani na kuwaka lenyewe ukiachia breki. Kwa majuma kadhaa lilikuwa limeiacha tabia hiyo, na asubuhi ile nilipowasha likanguruma kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani. Betri ilikuwa na miaka sita. Liliposhika kwa mara ya tatu, nikaliendesha safari nzima ya hatua kumi na tano hadi mlangoni kwa Mjomba.

"Saengla, gari lako linakohoa," alisema kabla sijafungua mlango.

"Ni betri, Mjomba?"

"Usinitajie ugonjwa bwana, mimi ndiye daktari."

Akaunganisha viganja, akafungua boneti, akagonga, akainama. "Huyu kesho hafiki," akasema. Kisha akachungulia upande wa hasi. "Ala! Na hiki nacho nini?"

Kwenye kibano kinachoshika kichwa cha hasi kulikuwa na kidude cheusi cha plastiki, ukubwa wa kiberiti, chenye soketi na waya mwembamba unaopotelea ndani ya gari. Wenyewe wanakiita kihisi. Kazi yake ni kuiambia kompyuta ya gari betri imeingiza kiasi gani cha umeme, imetoa kiasi gani, imechoka au bado, ili alteneta ijue ichaji vipi. Leo nayajua haya yote. Siku ile nilijua theluthi yake, kwa sababu nilikuwa nimekaa ndani ya gari na kitabu chake kikiwa wazi mapajani. Ukurasa ule ulikuwa na kisanduku chekundu: usikichomoe, usikibandue, usifunge kitu kingine mahali pake.

"Nadhani ni kama mlinzi wa betri, Mjomba," nilisema kwa sauti ndogo.

"Mlinzi? Betri ina nini cha kuibiwa?"

"Kitabu kinasema..."

"Kitabu kimeandikwa na wauza magari, mwanangu. Wakuuzie gari, wakuuzie na mlinzi. Hebu njoo umwone." Nikatoka, nikamwona. Kibano kilikuwa kimeota unga mweupe pande zote na nati imeshikana. "Huyu si mlinzi. Huyu ni kupe. Tazama alivyong'ang'ania. Miaka sita amekaa hapo ananyonya, halafu mtu unashangaa ng'ombe kakonda!"

Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Mjomba alipenda sana kuchekewa. Kabla sijapata neno, alikwisha chomoa soketi, akakata waya mnene shingoni, akaufunga kwenye kibano kipya cha shaba, kinene, kile walichokuwa wakitumia kwenye mabasi. Akaweka betri mpya, akaandika tarehe juu yake kwa rangi nyeupe. Akanikabidhi kupe ndani ya mfuko wa plastiki.

"Kamzike," akasema.

"Asante sana, Mjomba," nikajibu, na kitabu nikakirudisha mahali pake.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunaambiwa tangu utotoni. Mimi nililisikia la mkuu, na siku ya tatu dashibodi ikawaka taa ya betri.

Siku ya nne nikavuka mto Yom kwenda kwa wauza magari wenyewe, nikizunguka kwa barabara ya nyuma ya soko kama mke anayekwenda kwa hawara. Mapokezi kulikuwa na msichana wa shati jeupe lililopigwa pasi kali. Fundi wao alipofungua boneti, msichana alikitazama kile kibano cha shaba, akanitazama mimi.

"Umebadilishia wapi betri, dada?"

"Njiani."

"Njia ipi?"

"Nimepita nyingi."

Hakunisumbua zaidi. Nikatoa mfuko wangu wa plastiki kwenye pochi, wakamsafisha kupe kwa maji ya moto, wakaunga waya, wakamrudisha kitini. Msichana alinieleza kwa upole, kama anaeleza mtoto. Bila kihisi, alisema, gari linachaji kama kipofu anayemimina chai: mara kikombe kinafurika, mara chai yote iko mezani. Betri mpya inaweza kufa ndani ya miezi michache, na ukiwa na taa na vikorokoro vingi inaweza kukuacha njiani.

Kesho yake Mjomba Intha aliingiza kichwa dirishani mwa gari langu.

"Vipi, ng'ombe anakula?"

"Anakula, Mjomba."

"Na ile tabia ya kujizima kwenye taa?"

"Imerudi. Linafanya vizuri kuliko zamani."

Kila neno lilikuwa kweli. Uso wake ukang'aa. Akawageukia watu wa benchini akapiga paja. "Si niliwaambia? Kumbe tatizo lilikuwa kupe!" Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Nilikuwa na nafasi, nilikuwa na pumzi, nilikuwa na ulimi. Nikamwonea muhali. Nikasema joto la leo limezidi.

Tangu siku hiyo, kumtoa kupe kukawa sheria ya duka. Gari lenye kihisi likifika, Mjomba hakuuliza tena hiki nini. Alichomoa, akakata, akafunga shaba. Mwenye gari akisitasita aliambiwa, "Muulize Saengla hapo." Na waliniuliza. Mwalimu Mkuu Banlue aliniuliza akipimwa kiuno. Dada Orathai wa duka la dawa aliniuliza kupitia dirishani. Nikawajibu wote, "Langu halina shida." Hata huo haukuwa uongo. Mtu anaweza kuharibu mtaa mzima bila kusema uongo hata mmoja.

Mjomba alipotaka kukagua betri yangu, nilimwambia leo siku ya ibada, sifungui kitu. Juma lililofuata nilikuwa na haraka. Mara nyingine niliegemea boneti kwa makalio huku nikimsifu mke wake, Shangazi Khampun, kwa wali wake wa kunata, mpaka akasahau.

Mwezi wa Oktoba nikaenda ng'ambo ya mto kubadilisha oili. Kwenye chumba cha kungojea nikamkuta Mwalimu Mkuu Banlue amejifunika gazeti la michezo, na mwalimu yule hajui hata mpira una wachezaji wangapi. Pembeni yake alikaa Dada Orathai na miwani ya jua, ndani ya nyumba. Tukaamkiana kwa viganja. Tukazungumza habari za mvua. Tulikuwa tumefika kwenye bei ya uyoga wakati msichana wa shati jeupe alipotokea mlangoni na funguo mkononi.

"Wateja wa Mjomba Intha," akaita, "magari yenu tayari!"

Hakuna aliyesimama. Baadaye alitufungulia mkebe wa biskuti, ndani yake vibano vya shaba tisa. Akauliza kama turudi navyo tumpelekee mwenyewe, maana shaba ni mali.

"Hapana!" tukasema wote watatu kwa mpigo.

Kwa hiyo ubao wa Mjomba ulikuwa ukisema kweli tupu. Kwake gari halikurudi. Lilikuwa linavuka mto.

Tungeweza kuendelea hivyo mpaka siku ya mazishi yake, kila mmoja na siri yake na risiti yake. Lakini mwishoni mwa Desemba, Kaka Wichan, mkuu wa wale wanaojitolea kuokoa watu wa ajali, aliingia dukani kwangu akicheka peke yake. Pikapu yao mpya, ile tuliyoichangia mtaa mzima ili tupate thawabu, ilikuwa inawaka kwa shida. Betri yake ilikuwa imechoka kabla ya umri, kwa taa za paani na redio na king'ora vinavyofanya kazi injini ikiwa imezimwa. Na sasa Mjomba Intha amejitolea betri mpya na kazi yake yote kwa ajili ya thawabu. Ataifunga Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa hekalu, mbele ya watu, watawa wakibariki. Kutoka hapo pikapu itapanda moja kwa moja hadi kwenye hema la uokoaji la barabara ya mlimani kwenda Nan, ikae huko siku zote saba za hatari za mwaka mpya, wakati nusu ya nchi inaendesha kwenda kuwaona wazazi na nusu nyingine imelewa.

Nikaacha kushona. Wauza magari wa ng'ambo walikuwa wanafunga Ijumaa jioni mpaka tarehe nne. Hapakuwa na barabara ya nyuma ya soko tena. Pikapu ile ingepanda mlima bila kihisi, na siku ingekataa kuwaka, nyuma yake kungekuwa na mtu amelala anatoka damu.

Jioni ile tulikaa kikao dukani kwangu, tukinong'ona kwa sababu ya nyufa za ukuta: mimi, Mwalimu Mkuu, Orathai na Wichan. Tukamweleza Wichan yote.

"Magari kumi na moja?" alisema. "Na hamkumwambia mtu? Nyie watu wa ajabu!"

"Tulimwonea muhali," akasema Orathai.

"Muhali! Basi kamwambieni sasa hivi."

"Kamwambie wewe. Gari lako."

Wichan, ambaye huingia katikati ya moto kuchomoa watu, akaanza kukwaruza meza kwa ukucha. "Mimi nitamwambiaje? Kanipa betri bure, bwana."

"Mwalimu Mkuu basi," nikasema. "Wewe unawagombeza watoto mia nane kila asubuhi."

"Nina mafua," akajibu Mwalimu Mkuu.

Wakanitazama. "Wewe ndiye ulianza," Orathai akasema, na macho yake hayakuwa na utani. Alisema kweli. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeuficha wangu miezi minane.

Nilianza kwa njia ya adabu. Alhamisi nikamwita kupitia ukutani.

"Mjomba, usiku nimeota."

"Namba gani?" akauliza papo hapo, maana bahati nasibu ilikuwa inachezeshwa siku ya pili yake.

"Si namba. Amenijia Bibi wa gari la uokoaji."

Nikamsikia akiweka spana chini. "Amevaaje?"

"Kijani. Amekasirika kidogo. Anasema ana kitu chake cheusi, kidogo, kiko ubavuni. Hataki kiguswe."

Moyo ukanitulia, nikajisifu kwa akili. Nikamsikia akitoka, akiwasha pikapu yake, akienda upande wa hekalu. Baada ya nusu saa akarudi, akaweka mdomo kwenye ufa.

"Tayari nimeshamaliza naye. Nimempelekea soda nyekundu mbili na shada la maua. Alikuwa na kiu tu, masikini. Nimemweleza habari za kupe, amekubali atoke."

Nikaenda kuona. Kweli, juu ya boneti ya pikapu kulikuwa na chupa mbili za soda nyekundu, kila moja na mrija wake. Orathai alikuwa amesimama pale ananakili namba za gari kwa ajili ya bahati nasibu.

Jumamosi, saa moja asubuhi, Mjomba alikuwa anapanga vifaa kwenye bati. Alivaa shati la nili nililomshonea mwaka jana, amelifunga vifungo vyote hadi shingoni. Kibano cha shaba alikuwa amekisugua kwa majivu na ndimu mpaka kikawaka. Ni kile kibano kilichonimaliza nguvu. Nilitamani kumwachia furaha yake, ningefanya lolote nimwachie, ila si damu ya mtu. Nikafungua boneti ya gari langu.

"Mjomba, njoo uangalie betri yangu."

"Ina nini? Hata mwaka haijamaliza."

"Njoo tu."

Akaja, akaunganisha viganja, akainama. Hakugonga. Alikaa ameinama muda ambao ungetosha kubadilisha betri mbili.

"Huyu amerudi lini?" akauliza, bado ameinama.

"Aprili. Siku ya nne."

"Nani kamrudisha?"

"Wa ng'ambo ya mto."

"Uliniambia gari limepona."

"Lilipona, Mjomba. Baada ya kurudishiwa."

Nikamweleza yote, harakaharaka, chai na kipofu na vikorokoro vya pikapu, nikitazama viatu vyake. Akaniacha nimalize.

"Na la Banlue?"

"Nalo."

"Orathai?"

"Nalo."

"Jumla?"

"Kumi na moja."

Shangazi Khampun alikuwa anatoka na kikapu cha wali. Mjomba akamgeukia. "Na wewe ulikuwa unajua?" Shangazi akakitazama kikapu chake, akaanza kukirekebisha kifuniko ambacho hakikuwa na kasoro. Mjomba akageuza uso.

Akachukua kitambaa, akafuta mikono ambayo haikuwa na uchafu. "Mtu angekufa kule mlimani, Saengla."

"Ndiyo, Mjomba."

"Halafu mngeniambia nini? Betri yako ilikuwa nzuri, ni ajali tu?"

Ndivyo hasa tungemwambia. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio.

"Nipe hicho kitabu," akasema.

Akavaa miwani, akakaa kwenye benchi ya wateja, akausoma ukurasa ule wa kisanduku chekundu huku midomo ikicheza. Mara mbili aliniuliza maana ya neno. Alipomaliza aliinuka, akakitoa kibano cha shaba kwenye bati, akakiacha juu ya kaunta, mahali pake akaweka brashi ya waya na chupa ya maji ya moto. Akaondoka kwa miguu kwenda hekaluni.

Sijawahi kuona betri ikibadilishwa kwa uzuri vile. Alifunga betri ya pembeni ili gari lisisahau saa na mipango yake, na upande wa hasi wa betri hiyo aliubana kwenye chuma cha bodi, mbali na kihisi, kama ukurasa ulivyoagiza. Akailegeza nati taratibu, akamwaga maji ya moto juu ya unga mweupe, akapiga brashi. Kibano kikatoka na kidude chake bila kupinduka, akakilaza pembeni juu ya kitambaa safi. Akaweka betri mpya, akakirudisha, akakaza mpaka hapo panapotosha. Watawa walikuwa bado wanasoma. Pikapu ikawaka kwa mara moja, na dashibodi haikuwa na taa hata moja.

Kisha akapanda juu ya kigoda akawageukia watu.

"Mnakiona hiki cheusi?" alisema kwa sauti kubwa. "Hiki kisichomolewe kamwe. Wapo mafundi wanaokichomoa. Wajinga hao!"

Watu wakapiga makofi. Mwalimu Mkuu alipiga kwa nguvu kuliko wote, mafua yamemwisha. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyemtazama mwenzake. Katika mambo hayo sisi ni mabingwa.

Pikapu ikapanda mlimani, ikakaa siku zote saba, ikashusha watu tisa hospitali. Mmoja hakupona, wanane wako hai, na kila ilipotakiwa kuwaka iliwaka. Mtaa mzima ulimsifu Mjomba, na safari hii alistahili.

Lakini mchana wa Jumamosi ile ile, tuliporudi, aliniita nikae naye kwenye benchi. Hapakuwa na mteja. Alimimina chai vikombe viwili.

"Saengla, nikuulize kitu."

"Uliza, Mjomba."

"Kampuni ya mabasi waliponiaga, nilikuwa na miaka arobaini na mbili. Walinifanyia karamu. Samaki mzima wa kuchoma kwa chumvi, bia, saa ya ukutani. Mkurugenzi alisimama akasema fundi wa aina yangu anastahili kupumzika mapema. Nilicheza, unajua? Khampun alilia kwa furaha." Akazungusha kikombe. "Mwenzangu mmoja wa gereji alikuwa na hamsini na saba. Yeye akaendelea na kazi."

Nikaweka kikombe changu chini.

"Waliniaga," akauliza, "au walinifukuza?"

Wakati huo mimi nilikuwa msichana wa shule, mabasi yale nilikuwa nayajua kwa vumbi lake tu. Sikuwepo kwenye karamu, sikumjua mkurugenzi. Lakini jibu nililiona, na yeye alikuwa amelishika mkononi kabla ya kuniuliza. Nikalitazama shati lake lililofungwa hadi shingoni.

"Walikuaga, Mjomba," nikasema. "Anayefukuzwa hafanyiwi karamu ya samaki mzima."

Alinitazama kidogo. Kisha akaitikia kwa kichwa, akatabasamu.

"Asante sana, mwanangu," akasema, kwa adabu, kwa sauti ile ile ambayo mtaa mzima tulikuwa tukimshukuru nayo tangu Aprili.